Bugenvilia Ndani ya Saa Iliyokufa

Sehemu ya tisa

Siku aliyotoweka Mathe ilianza kwa ugomvi mdogo.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nane, mwaka 2001. Fundi saa huyo wa Butembo alikuwa anakwenda Beni kupeleka kazi za maarusi, medayo kumi na moja, vidani vyenye ua kavu ndani, zimefungwa kwenye kitambaa. Alikwisha kufika mlangoni, akarudi. Akanyoosha mkono kwenye msumari wa ukutani, akatwaa medayo ya kumi na mbili, ile ya arusi yake mwenyewe, akaivaa shingoni.

"Unapeleka wapi ile?" mke wake Kavuo akauliza.

"Batu ba Beni banapenda kuona mufano."

"Mufano ni ndoa yangu? Unaenda kutembeza ndoa yangu sokoni sawa fungu ya nyanya?"

"Nitairudisha Alhamisi, mama."

"Kama hapana rudisha, weye pia usirudi!"

Hakurudi.

Ijumaa alikuja Lusenge, mdogo wake Mathe, ameshika kofia na mfuko wa zana. Alisema amemwona kaka yake kwa macho yake mawili, amelala kando ya barabara upande wa Maboya, nyuma ya kizuizi cha askari, risasi kifuani. Askari walikataa kutoa mwili. Basi. Miaka ile hakuna aliyedai maelezo marefu zaidi ya hayo. Kila nyumba ilikuwa na habari yake ya namna hiyo, na kila nyumba iliisimulia kwa maneno machache.

Sasa ni mwezi wa saba, mwaka 2002. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na nyuma ya nyumba ya Kavuo wanaume wa ukoo wanakata mgomba.

Ukoo wa Mathe haumwachi mtu wake bila kaburi. Asiye na mwili huzikiwa mgomba: shina linakatwa kwa urefu wake, linavikwa shati lake, linalazwa shimoni. Udongo ukishafunika, mtu huyo amekufa, hata kama kesho atapita mlangoni akiomba maji. Na siku hiyo hiyo mjane anavuka kwenda kwa ndugu wa marehemu, yeye na nyumba na kila kilichomo. Ndugu wa Mathe alikuwa mmoja tu. Lusenge.

Kavuo alitakiwa kuwa amekaa kwenye mkeka akilia. Alikuwa kwenye meza ya kazi ya mumewe, amewageuzia waombolezaji mgongo, kichwa chake kimenyolewa kwa msiba, na mkononi ameshika medayo ya mteja iliyopasuka kioo. Ameifungua. Na ndani yake ameona bugenvilia ya arusi yake mwenyewe.

Tangu sehemu ya nane, juma zima, mmemwacha Kavuo ameduwaa hivyo. Tumwache apumue.

Bugenvilia zimejaa Butembo, utasema. Kweli. Lakini Kavuo aliolewa Oktoba ya 1996, vita vya kwanza vimeanza, barabara imefungwa, waridi hakuna. Alikata bugenvilia kwenye ua wa parokia dakika kumi kabla ya misa. Mbele ya altare mshumaa ukachoma ncha ya jani moja la ua, alama ya kahawia ndogo kama kichwa cha kiberiti. Majani matatu ya zambarau, membamba kama karatasi, moja limeungua ncha. Haya hapa. Matatu. Na ncha imeungua.

Ni ua hilo lililowapa kazi. Maarusi walikuwa wakitupa maua yao siku ya tatu, yakioza kwenye ndoo. Kavuo hakukubali kutupa la kwake. Alililaza kati ya karatasi za mfuko wa saruji, akalipandisha kwenye uchaga juu ya jiko siku tisa, pembeni, pale joto linapofika na moshi haufiki. Mathe akalitafutia nyumba: saa iliyokufa. Akatoa mashine yote, akaacha kioo na mgongo, akaweka ua ndani, akafunga ukingo kwa nta ya nyuki ili unyevu wa milima usiingie. Dada wa jirani akaona, akataka. Baada ya miaka miwili wanawake wa Butembo na Beni walikuwa wanatembea na saa shingoni zisizojua saa ngapi.

"Mama, uko naangalia tu," mteja akasema. "Kioo iko nguvu vile?"

Alikuwa mwanamke wa Beni, mnene, mwepesi wa kucheka, ushungi mweupe kichwani. Jina lake Hadidja, mke wa Ramazani mwenye lori la Fuso. Watu walimwita Mama Bilali.

"Mama Bilali, hii kitu ulitoa wapi?"

"Nilitoa wapi namna gani? Ni yangu."

"Hapana yako."

"Eh! Nimekuya kutengenezesha kioo, nageuka mwizi?"

"Hii maua ni ya arusi yangu," Kavuo alisema, na sauti yake ilikuwa chini sana. "Bwana yangu alivaa hii siku alikufa. Donc utaniambia ulitoa kwa mutu gani, ao ni weye uko navaa mali ya maiti."

Hadidja alitafuta kiti bila kukiangalia, akakaa.

"Astaghfirullah. Mimi? Kitu ya maiti? Ramazani njo alinipa. Naye alipewa na mutu ya hapa Butembo, anapandaka gari yetu kila mwezi, anashukia Kamango, kule mbele ya Beni. Mutu ya maneno mingi. Jina yake Lusenge."

Nyuma ya nyumba panga lilisikika likipasua shina, na juu ya panga sauti ya Lusenge, akimwita kaka yake yaya kama kawaida:

"Mukate murefu! Yaya alikuwa mutu murefu!"

Kavuo hakuinuka bado. Alivuta mtoto wa meza, akatoa kioo cha jichoni cha Mathe, akakibana kwenye jicho, akageuza mgongo wa medayo kwenye mwanga wa dirisha.

Kuna jambo ambalo wenye saa hawalijui. Fundi akifungua saa yako, kabla ya kuifunga anachora kwa sindano, ndani ya mgongo, herufi yake na mwezi na mwaka. Anachora ili fundi atakayefungua baada yake ajue nani alipita hapa na lini. Utaivaa saa miaka thelathini na majina ya mafundi yakilala juu ya mshipa wako, nawe hujui. Kavuo alijua. Alikaa meza moja na fundi miaka mitano.

Ya kwanza aliikuta pale alipoijua. M. 10/96.

Chini yake kulikuwa na ya pili.

M. 3/02.

Alifuta kioo cha jichoni kwa kanga, akatazama tena. Tatu. Sifuri mbili. Mwezi wa tatu wa mwaka huu. Mtu aliyelala na risasi kifuani mwezi wa nane, mwezi wa tatu amefungua medayo hii, ameifunga, na hakuweza kuifunga bila kuandika tarehe, kwa sababu fundi hawezi.

Mtasema alilia kwa furaha. Mimi nasema kweli: hakuna furaha iliyompanda. Ilipanda hasira, ikaanzia miguuni.

Miezi kumi na moja! Amenyoa nywele. Amelala chini. Amemwambia binti yake wa miaka mitano, Rébecca, kwamba tata, baba yake, yuko kwa Mungu Nyamuhanga, na mtoto ameuliza kama huko kuna saa za kutengeneza. Amelia mpaka macho yakakauka, na wakati wote huo kuna mtu aliyejua. Kuna mtu aliyekaa pale, akala ugali wake, akamtazama akilia, akajua!

Alisimama, medayo kwenye ngumi.

"Mama, unaenda wapi na kitu yangu?" Hadidja akaita.

"Kuya. Kuya uone mutu ya maneno mingi."

Uwanja wa nyuma ulijaa. Shimo tayari. Mgomba ulikuwa umelazwa kwenye mkeka, umevikwa shati la Jumapili la Mathe, la mistari ya buluu, limefungwa vifungo mpaka juu. Shangazi Berthe alikuwa akiongoza kilio. Kwenye kiti alikaa Muzee Kitsa, baba mdogo wa Mathe na mkubwa wa ukoo, mzito wa masikio, akitazama mawingu na kuuliza kila dakika kama mvua itawahi kabla ya udongo. Karibu na lango alisimama Malachie, ameegemea pikipiki yake. Malachie aliuza sigara kambini kwa askari, wale wale wa kizuizi, na pamoja na sigara aliuza habari. Hakuna aliyemwalika popote, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Kavuo alipita katikati ya wote, akapiga magoti mbele ya mgomba, akaanza kufungua vifungo vya shati.

Kilio kikakatika.

"Shemeji!" Lusenge alisema. "Unafanya nini?"

"Hii shati iko na mwenyewe."

"Anasema nini?" Muzee Kitsa akauliza.

"Anasema shati iko na mwenyewe, Muzee!" mtu akampigia kelele sikioni.

"Mwenyewe hapana ule amelala pale?" Muzee akanyoosha fimbo kwenye mgomba.

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Lusenge alisogea kwa Kavuo, uso wa huruma, mkono wa huruma.

"Huzuni imekuzidi. Kaa chini, batu banatuangalia."

"Baangalie. Lusenge, ulimuona yaya yako na macho mawili?"

"Mara ngapi nitasema?"

"Mwezi gani?"

"Wa munane."

"Risasi ngapi?"

"Mbili."

"Mwaka jana ulisema moja."

Minong'ono. Lusenge akainua mikono juu.

"Moja, mbili! Mais mutu anakufa tu! Munahesabu hesabu gani mbele ya kaburi?"

Hapo Kavuo alifungua ngumi. Medayo ikaning'inia kwenye mnyororo wake, bila kioo, ua la zambarau wazi. Na nyuma ya Kavuo, kwenye mlango wa jikoni, ushungi mweupe ukatokea.

"Bonjour, Bwana Lusenge," Hadidja alisema kwa sauti ya kutosha watu wote. "Kamango iko aje?"

Msomaji, umewahi kuona mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo? Lusenge alikuwa hivyo. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoea kumwokoa.

"Njo vile," alisema polepole. "Ni kweli. Niliitoa shingoni mwa yaya, pale pale barabarani. Nilisikia haya kukupa. Nilifikiri ikiwa Kavuo anaiona, atakufa naye. Kisha nikaipa mutu ya gari, ipotee mbali. Nilifanya mubaya? Nilifanya juu ya kukuhurumia."

Ilikuwa nzuri. Shangazi Berthe alianza hata kutikisa kichwa kwa upole. Kavuo aliona uwanja ukimponyoka, na akaona kitu kingine: katikati ya waombolezaji, Zorobabel.

Zorobabel alikuwa fundi saa wa pili wa mtaa ule. Miaka kumi na mbili yeye na Mathe waliibiana wateja na kutukanana kwa heshima. Tangu Mathe atoweke, wateja wote walikuwa wake. Leo alikuja na pole mdomoni na mfuko mtupu kwapani, akingoja udongo ufunike ili aulize bei ya meza na zana. Hapakuwa na mtu mahali pale aliyehitaji kifo cha Mathe kuliko yeye.

Kavuo akaenda moja kwa moja kwake. Akamwekea medayo kwenye kiganja, na kioo cha jichoni juu yake.

"Soma mugongo."

"Mimi?"

"Weye ni fundi ao ni mubeba mufuko?"

Zorobabel alibana kioo jichoni. Alisogea kwenye mwanga. Alikaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma herufi mbili.

"M," alisema. "Kumi, makumi tisa na sita."

"Na chini?"

Zorobabel akafuta kioo, akatazama tena.

"Zorobabel, na chini?"

"M. Tatu." Akasogeza kidole. "Zero mbili."

"Mutu yeyote anaweza kuandika ile!" Lusenge alifoka. "Hata mutoto ya masomo!"

"Hii M iko na mukia," Zorobabel alisema, kioo bado jichoni. "Saa zake nimefungua zaidi ya mia. Mathe aliniharibia soko, aliniita muchinja-saa mbele ya batu, mimi hapana rafiki yake. Lakini hii mukono ni yake. Na fundi haandike tarehe ya uwongo mu mugongo ya saa. Mu facture ya bei, ndiyo, kila siku. Mu mugongo, hapana."

Akaondoa kioo jichoni, akakunja mfuko wake mtupu mara mbili, mara nne, akauingiza mfukoni.

"Anasema nini?" Muzee Kitsa akauliza.

Shangazi Berthe alimwinamia sikioni, na kwa mapafu yake yote ya kuongoza vilio akapaza:

"Anasema Mathe iko muzima, Muzee! Muzima! Mathe iko muzima!"

Vigelegele vikalipuka. Wanawake wakadaka, wakarusha juu ya ua kwa majirani, majirani wakarudisha. Mathe iko muzima! Muzee Kitsa mwenyewe alisimama bila fimbo, akapiga kofi moja kubwa angani. Aliyeshika panga akalitupa shimoni.

Mtu mmoja tu hakupiga kelele. Lusenge alikuwa amegeuka rangi ya jivu, naye hakuwa na uso wa mtu aliyeaibika. Alikuwa na uso wa mtu anayeona moto.

"Mufunge midomo!" alinong'ona. Kisha akapasuka: "Mufunge midomo! Mumemuua! Sasa njo mumemuua!"

Alimshika Kavuo mkono, akamvuta mpaka ukuta wa jikoni. Muzee, Berthe, Zorobabel na Hadidja wakafuata.

"Hapana mutu alimupiga risasi," Lusenge alisema haraka haraka. "Ni uwongo yangu. Niliona mufuko, niliona damu ya mutu mwingine, nikasema ya moyo wangu. Lakini wale ba kizuizi walimukamata. Walikuta zana, wakasema: huyu atatengeneza redio zetu za kusemea. Miezi mitatu alikaa nabo mu pori ya Mabalako. Saa yake ya mukono walichukua. Ile medayo wakamuachia, walicheka tu, saa isiyotembea ni ya kazi gani. Kisha akatoroka. Ameingia Kamango, akanitumia habari, iko na jina ingine. Na wale wanamutafuta, Kavuo. Mutu anajua redio zao zote, wanasema nini na nani! Unakumbuka wanaume babili balikuya hapa mwezi wa pili, bakauliza kama fundi amerudi?"

Kavuo aliwakumbuka. Alidhani ni wateja. Aliwaambia mume wangu amekufa, na akalia mbele yao mpaka akashindwa kusimama, na mmoja wao akamshika kiwiko.

"Walikuona," Lusenge alisema. "Walikwenda. Mutu anayejifanya analia, inaonekana. Weye hukujifanya. Machozi yako njo ilimuficha. Na ile mugomba ilikuwa ya kumaliza maneno, wasikie amezikwa, basi, waache. Sasa mumepiga vigelegele mupaka kambini!"

Kwa hiyo Kavuo alikuwa ukuta. Walimjenga usoni mwa watu, tofali kwa tofali, miezi kumi na moja, wala hawakumwambia kuna mtu nyuma yake.

"Na Mathe alikubali?" Kavuo akauliza. "Alikuambia: umuache bibi yangu alie?"

"Ilikuwa juu ya usalama…"

"Sikuuliza usalama. Nauliza alisema!"

"Yaya alitaka…" Lusenge akaanza, akajikata.

"Alitaka nini?"

Ndipo Hadidja, ambaye tangu aingie alikuwa anamtazama Lusenge kama mtu anayepima kitambaa chenye tobo, akasema:

"Ngoja. Ramazani aliniambia maneno ya siku ile. Wakati huyu bwana alimupa medayo, alisema hivi: chukua, ni ya mwanamuke fulani, lakini hana haja nayo tena."

Ya mwanamke fulani.

Ilichukua pumzi mbili. Kisha Kavuo akaona yote, wazi kama chini ya kioo: Mathe huko Kamango, mwezi wa tatu, anafungua medayo ya arusi yao, hana karatasi wala mtu wa kuamini ila ndugu yake wa damu, anachora herufi na tarehe, anafunga kwa nta. Askari hata wakiipekua wataona ua. Kavuo peke yake ataifungua.

"Alikutuma," alisema. "Alikupa mukononi. Alikuambia: pelekea Kavuo."

Lusenge aliangalia chini.

"Lusenge!"

"Niliona ni maua tu," alisema. "Nilisema, maua itamusaidia nini. Hakuniambia iko maandiko."

"Hakukuambia sababu alikujua."

"Kavuo, mimi pia niko mutu. Kila mwezi naenda, napita vizuizi saba juu yake. Kila mwezi narudi hapa, nakukuta. Nikafikiri, yaya hawezi tena kurudi Butembo, hata vita iishe. Na weye uko. Na nyumba iko…"

Hakumaliza. Kofi la Kavuo lilimgeuza uso mpaka kwenye ukuta, na la pili likamrudisha.

"Ulikula pale kwangu! Ulisema pole, shemeji! Ulinishikia kichwa wakati walininyoa!"

Hakuna aliyemzuia. Shangazi Berthe alifunga macho. Muzee Kitsa, ambaye safari hii hakuhitaji kuelezwa lolote, alimtazama mtoto wa kaka yake kwa muda, kisha akageuka upande mwingine kama mtu aliyepita kwenye harufu. Lakini alikuwa mkubwa wa ukoo, na uwanjani kulikuwa na watu mia na shimo lililo wazi.

"Mama Rébecca," aliuliza, "tunazika ao hatuzike?"

Wote wakamtazama Kavuo. Naye aliuona mtego wote, kulia na kushoto. Wasipozika, kambi itajua mtu hajafa. Wakizika, kwa desturi Mathe amekufa na yeye ni wa Lusenge.

Akarudi kwenye mkeka. Akauvika mgomba shati la mistari ya buluu, akafunga vifungo kimoja kimoja, mikono imara.

"Zikeni," alisema. "Na mulie na nguvu. Waambieni majirani ilikuwa wazimu ya mujane, amepatwa na kichwa. Mulie mupaka wachoke kusikia."

"Na weye?" Shangazi Berthe akanong'ona. "Ikisha zikwa, weye unavuka kwa…"

"Mimi ni mujane wa mugomba, shangazi. Ndugu ya mugomba ni mugomba. Akuye anioe."

Ni Zorobabel aliyecheka kwanza, kwa pua, akajifunika mdomo. Berthe akavuta pumzi na kuanza kilio upya, kikubwa kuliko cha asubuhi. Wanaume wakashika mkeka.

Kavuo aliinua macho kutazama umati, akihesabu nani amesikia nini. Nyuso za ukoo. Nyuso za jirani. Lango.

Pale langoni palikuwa na doa la mafuta ya injini kwenye udongo.

"Malachie iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Aliuliza tena, kwa ukali, na mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na ua akasema: "Ametoka wakati tulikuwa tunapiga vigelegele. Alisukuma pikipiki kwa mikono mupaka barabarani, kisha akawasha."

Wakati wa vigelegele. Baada ya "Mathe iko muzima." Na kabla ya hapo, msomaji, kumbuka Hadidja aliposimama kwenye mlango wa jikoni akamsalimia Lusenge kwa sauti ya kutosha watu wote. Alitaja mji.

Hadidja naye alikumbuka. Rangi ilimtoka.

"Ni mimi," alisema. "Yarabi, ni mimi nilisema Kamango."

"Hukujua."

"Kujua, kutojua, nimesema." Alikuwa tayari anakaza kitenge kiunoni. "Gari iko sokoni, Ramazani anapakia maharagi. Inatoka leo, inapita Beni, inaenda Kamango. Leta kitambaa ya kichwa, mama. Panda."

Kavuo hakuingia ndani kutafuta chochote. Alimwachia Shangazi Berthe mtoto, akafunga kitambaa cha shangazi huyo juu ya kichwa chake kilichonyolewa, akatoka langoni, na nyuma yake udongo wa kwanza ukaanguka juu ya mgomba.

Saa nane Fuso ya Ramazani iliondoka Butembo, Kavuo katikati ya dereva na Hadidja. Fuso yenye mzigo, barabara ikiwa kavu, hufika Kamango siku ya pili. Pikipiki hufika jioni ile ile.